Habari ya Mvua na Shamba la Kuazima

Maneno yaliyosemwa na kamati ya amani mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wenyeji na wakubwa wa vijiji, Kabondo-Dianda, jimbo la Haut-Lomami

Mfumu wetu, wakubwa wa vijiji, mama zetu na baba zetu, vijana, na ninyi ndugu mliofika hapa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni: tunajua mwezi wa kupanda hauna siku ya bure.

Sisi tunaosema hapa ni watu wanane. Wanne ni wazaliwa wa hapa, wanne tulikuja tukikimbia. Baadhi yetu tulitoka upande wa Mitwaba na Manono, ile sehemu ambayo pamoja na Pweto watu waliiita pembetatu ya kifo. Tulikimbia mwaka 2005 na 2006, tukarudi, tukakimbia tena baada ya mwaka 2011. Kwa hiyo hatukuja kuwafundisha kulima. Hapa kuna wazee waliolima mihogo na mahindi kabla sisi hatujaota meno. Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja tu: namna simu na redio zinavyoingia katika kilimo chetu, wakati huu ambapo mvua imekuwa haieleweki, na namna vitu hivyo vinavyotupatanisha au kutugombanisha.

Tutaanza na ugomvi, maana ndio uliotufungua macho.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkimbizi, aliyeazimwa shamba na mwenyeji. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: alime msimu mmoja, na akivuna atoe gunia moja la mahindi. Lilikuwa pori la miaka mingi. Mama alianza kufyeka mwezi wa sita, yeye na watoto wake, akang'oa visiki, akachoma majani, akatengeneza matuta. Mwezi wa tisa, kijana wa mwenye shamba akapata ujumbe kwenye simu, na redio ikasema vilevile: msimu unaokuja una matumaini ya mvua nzuri. Siku tatu baadaye mwenye shamba akaja, akasimama pembeni ya matuta yale, akasema: «Mama, shamba langu nalirudisha. Watoto wangu watalima.»

Mwaka uliotangulia, redio iliposema mvua itakuwa haba, hakuna aliyelitaka shamba lile. Habari ilipokuwa mbaya, shamba lilikuwa la mgeni. Habari ilipokuwa nzuri, likawa la mwenyewe.

Jioni ile vijana wa wakimbizi walikusanyika, na baadhi yao walishika mapanga. Maneno ya zamani yakaanza kutoka: ninyi mlikuja lini, ninyi mlitupokea kwa roho gani. Sisi wa kamati hatukulala. Tulikwenda kwa vijana, tukaenda kwa mwenye shamba, tukarudi kwa vijana. Na tuseme ukweli, mwenye shamba si mtu mbaya. Ana watoto saba, wawili wanasoma Kamina na deni la shule linamsubiri. Naye alisikia mvua nzuri akaona mlango umefunguka.

Kesi ilikaa siku mbili mbele ya shefu. Kilichotuokoa ni swali la mzee mmoja, aliyeuliza: «Kazi ya kufyeka ni ya nani?» Wote wakanyamaza, kwa sababu kwetu aliyefyeka hatoki mikono mitupu. Mwishoni wakakubaliana hivi: mama alibaki na nusu ya shamba, si kwa msimu mmoja tena bali kwa misimu miwili, A na B. Mwenyewe akachukua nusu nyingine, iliyokwisha kufyekwa, na akasamehe lile gunia. Iliandikwa karatasi, wakatia vidole kwenye wino, nakala moja ikabaki kwa shefu. Tangu hapo tumeandika karatasi nyingine kumi na moja za namna hiyo.

Sasa tujiulize, je, ile habari ya mvua ilisema kitu gani hasa? Maana wote wawili, mwenye shamba na mjane, walikuwa wanapigana juu ya neno walilosikia nusu.

Tangu mwaka 1997, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za SADC, Kongo yetu ikiwa mojawapo, hukutana kabla ya msimu wa mvua na kutoa utabiri wa miezi kadhaa. Mkutano huo unaitwa SARCOF. Hapa nchini kazi hiyo ni ya shirika la taifa la hali ya hewa, METTELSAT, lililoko Kinshasa. Wanachotoa ni ramani yenye rangi, na kila rangi ina namba tatu. Tuseme kwa mfano 40, 35 na 25. Maana yake, tukichukua misimu 100 inayoanza kama huu, misimu 40 itapata mvua kupita kawaida, 35 itapata mvua ya kawaida, na 25 itapata mvua pungufu. Habari ile inatoka kwa Kifaransa, inafupishwa, inageuzwa Kiswahili, mtu wa redio anaifupisha tena, kisha jirani anakuambia kwa Kiluba kando ya kisima: mwaka huu mvua ni nyingi. Zile 25 zimepotea njiani.

Tena, ramani ile inajumlisha miezi pamoja. Mvua yote inaweza kushuka Desemba, na Oktoba ikawa ya kudanganya: inanyesha siku tatu, mbegu inaota, halafu jua linawaka majuma mawili na miche inakauka. Ramani haitahesabu kwamba ilikosea. Na rangi moja inaweza kufunika jimbo zima na majirani zake, ingawa sisi tunajua mvua inaweza kunyesha upande huu wa reli ikaacha upande wa pili.

Basi habari ile ni ya uongo? Hapana. Ni kama kusikia kwamba barabara ina mashimo: hujui gurudumu litaingia shimo gani, lakini hutakwenda mbio. Sisi tunafanya hivi. Mbegu tunaigawa mara tatu. Sehemu ya kwanza tunapanda ardhi ikiwa imelowa mpaka urefu wa kiganja, si kwa mvua ya kwanza tu. Ya pili baada ya siku kumi hivi. Ya tatu tunaificha mpaka tuone. Na pembeni tunatia mihogo, kwa kuwa muhogo unavumilia jua kuliko mahindi. Utabiri ukiwa mbaya tunaongeza mihogo na kupunguza mahindi. Ukiwa mzuri tunafanya kinyume chake, lakini hatuachi ile sehemu ya tatu.

Hapa tunaomba wakubwa wasikilize vizuri. Kosa la tarehe ya kupanda haliwagusi watu wote sawasawa. Mwenyeji aliyepoteza mbegu ya kwanza ana ghala, ana shangazi, ana mbuzi wa kuuza. Mkimbizi alikuja na meka tatu za mbegu. Zikikauka, amekwisha. Ndiyo maana katika vijiji vitatu tumekubaliana kuwa na mbegu za akiba za pamoja: kila aliyevuna, mgeni au mwenyeji, anaweka meka moja kwa kila gunia. Mbegu za akiba zinakaa nyumbani kwa mama mwenyeji, ufunguo unakaa kwa mama mkimbizi. Watu walicheka walipoona hivyo, lakini mpaka sasa hakuna aliyeiba.

Jambo la pili ni uvumi.

Wakati wa kupalilia, simu moja ilipokea ujumbe kwamba watu wenye silaha wameonekana njiani. Ujumbe haukuwa na jina la aliyeona, wala siku, wala mahali palipo wazi. Kufikia saa sita mchana ulikuwa umepita katika simu zote, na kufikia jioni familia nyingi zilikuwa porini. Sisi tuliowahi kukimbia hatuhitaji kusukumwa, miguu yetu inajua kabla ya kichwa. Tulikaa nje siku tano. Hakuna aliyekuja. Tuliporudi, magugu yalikuwa yamepanda kuliko mahindi, na mbuzi walikuwa wamekula matembele na karanga changa.

Halafu likaja baya zaidi. Wakimbizi wakasema wenyeji ndio waliotunga ujumbe ule ili watuondoe. Wenyeji wakasema wakimbizi ndio waliouleta, kwa kuwa wana ndugu huko porini. Tulipofuata ujumbe ule simu kwa simu tulifika kwa kijana mmoja aliyeupata kutoka Lubumbashi, na huyo wa Lubumbashi alikuwa ametuma tena habari ya zamani, ya mahali pengine, bila kusoma tarehe.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Ujumbe wa hatari ukifika, haupelekwi mbele kwanza. Unaletwa kwa watu wanne tuliowachagua, mwanamke na mwanamume kutoka kila upande. Wao wanauliza: nani aliona kwa macho yake, siku gani, mahali gani? Kisha wanampigia mtu anayekaa pale palipotajwa, tena kwa sauti, si kwa maandishi, kwa maana sauti ya ndugu unaijua. Tuna daftari lenye namba za watu wa vituo vya reli na vijiji vya kando ya barabara. Fedha za kupiga simu zinatoka kwenye mchango mdogo wa kila juma sokoni. Ikiwa hatari ni ya kweli, kengele inapigwa na wote wanatoka pamoja, wazee na wagonjwa wakibebwa. Ikiwa si ya kweli, tunasema vilevile mbele ya watu. Hatusemi kwamba njia hii haina kosa. Inaweza kuchelewa. Tulibishana sana juu ya hilo, na mama mmoja alituambia wazi kwamba yeye hatamsubiri mtu kwenye daftari, akisikia risasi atakimbia. Tulimwambia akimbie. Utaratibu huu ni wa ujumbe wa simu. Risasi mtu haziulizi jina.

Kuna matumizi ya simu yasiyogombanisha mtu, na tutayapita haraka. Maji ya Lualaba yanatoka juu, yanapita Bukama, ndipo yanafika Kikondja na Malemba-Nkulu. Maji yanatembea polepole kuliko sauti. Mvuvi wa Bukama akiona mto unapanda mwisho wa masika na kumpigia shemeji yake wa Kikondja, yule ana siku za kuhamisha nyavu, samaki waliokaushwa na watoto. Hiyo haihitaji mradi wala programu.

Juu ya viwavi: wengi mnamjua yule kiwavi jeshi aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kula mahindi kutoka ndani. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya chuo kikuu cha Penn State huko Marekani pamoja na FAO na IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama ni alama ya kiwavi huyo, au kama muhogo una batobato. Inasema Kiswahili, na ikisha kuwekwa kwenye simu inafanya kazi hata pasipo mtandao. Inataka simu kubwa, nasi hapa tunazo chache. Lakini mtu mmoja anaweza kupita shamba kwa shamba. Dawa rahisi tunayotumia ni kuamka mapema, kufungua moyo wa mche, kuponda mayai na viwavi kwa vidole, na kutia majivu au mchanga mle ndani. Kazi hiyo ni ya siku nyingi, simu haitaifanya.

Sasa bei. Mungu alituweka kando ya reli. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kufikia mwaka 1928 ilikuwa imepita Kamina mpaka Ilebo. Upande mmoja treni inakwenda Lubumbashi, upande mwingine Mwene-Ditu na Kasai. Mfanyabiashara anayeshuka hapa anajua bei za pande zote mbili. Sisi tulikuwa tunajua njaa yetu tu.

Wenzetu wa Tanzania walipambana na jambo hili kuanzia mwaka 2005, katika mradi ulioitwa First Mile, uliosaidiwa na IFAD. Wakulima walimchagua mtu wao, wakamwita shushushu. Alikuwa anakwenda sokoni kimya kimya, anauliza bei kama mnunuzi, anaangalia ni nani analeta mzigo, kisha anatuma habari kijijini kwa simu, na bei inaandikwa kwenye ubao watu wote waone. Uganda nako, kuanzia mwaka 2009, shirika la Grameen Foundation lilitumia wakulima waliochaguliwa na majirani zao: walipewa simu yenye habari za kilimo na kifaa cha kuchajia, wakawasomea wengine. Katika nchi zote mbili tumependa jambo moja, kwamba habari ilipita kwa mtu anayejulikana, anayeweza kuulizwa akikosea.

Tumeiga kwa uwezo wetu. Dada mmoja anauza karanga Kamina, mwingine anauza samaki Bukama. Siku ya soko wanatupigia, na bei ya gunia inaandikwa kwa chaki kwenye ubao karibu na kituo cha treni. Mwaka 2024 tuliona faida yake. Zambia ilikumbwa na ukame mkubwa, serikali yao ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari mwaka ule, na ninyi mnajua kwamba bukari ya Lubumbashi hutegemea sana mahindi ya Zambia. Aliyesikia habari ile mapema hakuuza mahindi yake yakiwa bado mabichi shambani.

Lakini tusijidanganye. Kujua bei ya Lubumbashi ukiwa huna namna ya kufika Lubumbashi ni kama kunusa samaki wa jirani. Treni inachelewa siku ngapi, hakuna ubao unaoandika hilo. Na mkimbizi mwenye deni la dawa atauza leo hata akijua bei ya mwezi ujao. Ndiyo maana kuuza pamoja kumetufaa kuliko ubao wenyewe: magunia ya mwenyeji na ya mgeni yakiwa mahali pamoja, mfanyabiashara hawezi kutugawa kwa kusema «wale wamekubali bei hii».

Tumefika kwenye neno gumu. Wakati fulani walikuja watu kuandikisha wakulima ili wapate ujumbe wa kilimo na karatasi za mbegu kwa simu. Hatutawataja. Waliandika namba moja kwa kila nyumba. Namba ya nyumba ni ya baba. Mama anayepalilia hakupata neno, na mjane asiye na simu hakuwa nyumba. Kisha laini ya simu inataka kitambulisho, na hapa kwetu kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Kadi za wengi wetu ziliungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo orodha ile ilijaa wenyeji, na siku ya kugawa mbegu wakimbizi walisimama pembeni wakitazama. Hakuna mwenyeji aliyefanya kosa, lakini chuki ilibaki kwa wenyeji, waandikishaji walikwisha ondoka.

Baada ya hapo wakaja matapeli. Ujumbe ulisema: tuma franka kidogo jina lako liingie kwenye orodha. Watu walituma. Tunarudia mbele ya wote: hakuna msaada wa kweli unaolipiwa kwa simu, na namba ya siri ya M-Pesa haipewi mtu, hata akisema anatoka Kinshasa.

Kwa hiyo, wakubwa wetu, tunaomba haya, na tunayaomba wenyeji na wageni pamoja. Mtu yeyote akija kuandikisha watu kwa simu, apite kwanza kwenu, na ninyi mtuite. Asiye na simu aandikwe kwa jina lake, na ujumbe wake upitie simu ya mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwanamke aandikwe kama mkulima. Orodha ya wakimbizi na mahali wanapolala isibaki kwenye simu ya kila mtu, ninyi mnajua orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa nani inaweza kuleta nini. Wale ambao kadi zao ziliungua, mtusaidie kwa barua ya shefu tunapokwenda kudai nyingine.

Na shamba. Hapa ndipo roho yetu ilipo. Habari ya mvua haimfai mtu asiyejua kama atavuna. Tunajua ardhi ni ya ukoo, hatuombi kuichukua. Tunaomba shamba la kuazima liandikwe kabla ya kufyeka, si baada ya redio kusema. Muda usipungue misimu miwili. Aliyefyeka pori asitolewe kabla ya kuvuna. Na mwenye shamba naye aandikiwe haki yake, apate gunia lake kwa wakati, mgeni asiote mizizi kwa ujanja. Kumekuwa na wageni wa namna hiyo, na wenyeji wana haki ya kulalamika.

Karatasi tunazo, zimechapwa Kiswahili, na upande wa nyuma Kiluba. Wino upo. Mama mjane tuliyemtaja amekaa pale chini ya mwembe, na mwenye shamba amekaa si mbali naye, wamekubali kuulizwa. Walio na shamba la kuandika leo waje mezani wawili wawili, mwenyeji na mgeni, pamoja na shahidi mmoja kila upande. Tutakaa hapa mpaka jua litue, na Jumamosi tutakuwa kituoni baada ya soko.